Khanga Kwenye Njia ya Ndege

Mimi ndiye Digna, fundi cherehani wa pale karibu na soko la Ifakara, yule anayesemwa ana mdomo. Mdomo ninao, sikatai. Mungu alinipa mikono ya kushona, huku juu hakunitilia kifungo. Na kwa kuwa habari ya mama yangu na ndege imezungushwa mjini mpaka imepinda, naona niiseme mwenyewe ilivyokuwa, maana mimi nilikuwepo na wengi wanaoisimulia walikuwa shambani.

Mama yangu ni Yosefina wa Lumemo. Mtoto wake wa kwanza ni mimi, kwa hiyo kwa haki zote anaitwa Mama Digna, na miaka yote aliitikia hivyo. Lakini tangu mdogo wangu Leodegar, Leo kwa kifupi, apate leseni ya urubani, ukimwita Mama Digna anageuka polepole, ukimwita Mama Leodegar anageuka mwili mzima. Nilikuwa namtania kwamba siku hizi amenifuta uzazi. Ananijibu nipande na mimi angani, ataniita tena.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuwahi kumwona akirusha ndege. Leo alisomea mbali, akaajiriwa Dar es Salaam, na akija nyumbani alikuja kwa treni kama sisi wote, na begi lake na mkate. Sasa Lumemo kuna jirani yetu Devota. Huyo dada angepewa kazi ya kueneza habari tusingehitaji redio. Alianza taratibu, kwamba jamani, mtoto wa Yosefina kweli anaendesha ndege au anapakia mizigo ya watu kwenye ndege? Mbona hatujamwona hata siku moja? Maneno yale yalimfikia mama kisimani, yakamfikia jumuiyani, yakafika hadi kwangu dukani nikiwa nimeshika mkasi. Mimi nilitaka kwenda kumsuta. Mama akanikataza, akasema siku itafika Devota ataona kwa macho yake.

Siku ikafika mwaka wa tisini na sita, mwezi wa nane, mpunga umeshavunwa na njia zimekauka. Klabu moja ya marubani kutoka Dar ilipanga kufanya maonyesho ya ndege kwetu Ifakara. Ndege mbili zingefika Jumamosi, na Jumapili baada ya misa zingeruka mbele ya watu, zigeuke, zipande, zishuke. Ndege moja ingerushwa na rubani aitwaye Fulgensi, mtu wa Peramiho. Ya pili, yenye mstari mwekundu ubavuni, ingerushwa na Leodegar wa Lumemo.

Mama akawa hashikiki. Aliloweka mchele wa vitumbua mapema mno ukachacha, akaloweka mwingine. Alikausha samaki, kitoga wakubwa wawili, akawaficha juu darini paka asiwafikie. Kila aliyepita alisalimiwa na kuambiwa Jumapili asikose. Devota aliambiwa mara tatu.

Kabla ya ndege alikuja mtu wa kupanga kiwanja, Kapteni Elineema, Mpare mmoja mwembamba asiyepandisha sauti. Alishuka kwenye treni na mizigo ya kamba, vibendera na chokaa. Kiwanja chetu mnakijua, watu wanakatiza na baiskeli kwenda shamba, mbuzi wanakula katikati, watoto wanacheza mpira. Kapteni alikipima chote kwa miguu, akachora mstari wa chokaa, nyuma yake akafunga kamba ndefu, akaitisha mkutano.

Alieleza kanuni moja baada ya nyingine. Rubani haruki juu ya vichwa vya watu, hata kama watu wanampenda. Hashuki chini ya kimo alichopewa. Rubani hagusi pombe tangu jana yake. Hapo Nkwabi, Msukuma wa ng'ombe aliyekuwa amepewa kazi ya kulinda kamba, akauliza kama na ulanzi umo kwenye pombe. Kapteni akajibu ulanzi ndio wa kwanza. Watu wakacheka, na mimi nikamwambia Nkwabi kwamba hata ng'ombe wake wanamzidi akili, naye akanijibu kwamba ng'ombe wake angalau wakiambiwa simama wanasimama, tutawaona ninyi Wandamba. Huo ni utani tu, tumezoeana.

Kisha Kapteni akasema lililo kubwa. Kamba isivukwe mpaka ndege imesimama na propela imetulia kabisa. Mtu akivuka wakati ndege iko hewani, kila kitu kinasimama na ndege zinakwenda kutua Mahenge. Na kila rubani anawajibika kwa wageni wake mwenyewe. Mgeni wa rubani akivuka, rubani huyo haruki tena kwenye maonyesho hayo, na asije mtu kumbembeleza.

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa. Aliitikia kwa kichwa kila neno kama mtu anayesikiliza katekisimu. Nami nikaridhika kwamba amesikia. Na kweli alisikia. Shida ni namna alivyoelewa.

Mnajua inavyokuwa padre wetu akipata daraja na kurudi kusoma misa yake ya kwanza kwao. Kunafungwa kamba pia, watu wasimzonge. Lakini kamba ile si ya mama yake. Mama wa padre anapita, anapiga magoti, anatandika khanga njiani, na kina mama wenzake wanaunganisha za kwao, mpaka mtoto anakanyaga khanga kutoka barabarani hadi mlangoni kwao. Hakuna mlinzi wa kamba Ifakara nzima anayeweza kumzuia mama siku hiyo, na akithubutu atapigwa kwa viatu. Sasa mama akajumlisha hesabu yake. Kamba ni ya watazamaji. Yeye si mtazamaji, yeye ndiye mwenye mtoto. Hakumwuliza mtu, kwa sababu jambo lililo wazi namna hiyo huulizi.

Jumamosi kiwanja kilijaa. Mimi nilisimama karibu na Kapteni, aliyekuwa na redio yake ya mkononi inayokoroma. Mama sikumwona, nikadhani yuko kivulini na wenzake wa jumuiya. Kumbe walikuwa wamezunguka kwa nyuma, kwenye matete, mpaka mwisho wa kiwanja upande wa mtoni, ambako Nkwabi hakuwa na jicho. Kila mmoja na khanga mpya kwapani.

Ndege tukaisikia kabla ya kuiona. Ikatokea upande wa milimani, mstari mwekundu ubavuni, nikahisi machozi yananilenga. Yule niliyembeba mgongoni! Iligeuka kwa adabu upande wa mto, haikupita juu yetu, ikaanza kushuka kuja kutua. Ikashuka, ikashuka, nikaona magurudumu. Na hapo hapo, kule mwisho, nikaona rangi. Nyekundu, njano, buluu, zinatandazwa chini moja baada ya nyingine, na vigelegele vikaletwa na upepo.

Ndege ikanguruma. Ikanyanyua pua, ikakata upande wa mto ikiinama bawa moja, ikapanda. Khanga kadhaa zikaruka juu na vumbi. Kapteni alikuwa ameshaanza kukimbia na redio mdomoni, sisi wa karibu tukamfuata mpaka aliposimama. Waliongea Kiingereza chao cha haraka, kisha Kapteni akauliza kitu kwa Kiswahili, nadhani kwa kuchanganyikiwa, wale ni akina nani. Wakati huo kutoka tuliposimama wale walikuwa kina mama tu, kina mama wa mji huu wanafanana vitenge na vilemba. Hakuna ambaye angeweza kuapa.

Redio ikakoroma, sauti ya mdogo wangu ikatoka, sisi wote wa karibu tukaisikia.

"Ni mama yangu, Kapteni. Yule wa mbele ni mama yangu."

Basi. Ndege ikazidi kupanda, ile ya Fulgensi iliyokuwa nyuma ikageuzwa kabla hata hatujaiona vizuri, zote mbili zikaelekea Mahenge. Tukabaki tunaangalia mawingu. Kule mwisho kina mama walikuwa bado wanapiga vigelegele, wanajua anazunguka kidogo atarudi. Walipiga mpaka wakachoka. Mama alibaki amesimama katikati ya kiwanja na khanga moja mkononi, anakinga jua kwa kiganja.

Devota hakukosa la kusema. Alipita karibu yetu tukirudi, akasema kwa upole wake ule wa sumu, pole Mama Digna. Mama Digna, mmesikia. Nikamkata jicho angeweza kuanguka, lakini mama akanivuta mkono.

Mama alitangulia njiani. Alipofika nyumbani akaingia jikoni, akashusha kitoga wake darini, akakaa anawaangalia. Mimi moto ulikuwa unaniwaka, na haukuwa juu ya mama. Ulikuwa juu ya Leo. Mtu unakuja kwenu, mama yako anakutandikia khanga, unampita juu unakwenda kulala Mahenge? Na ukishapita, unamtaja redioni kwamba ni yeye, mbele ya Ifakara yote? Kina mama walikuwa zaidi ya ishirini pale. Angesema hajui. Nani angempinga?

Leo alifika jua linazama. Alikuwa amepanda gari la watu kutoka Mahenge, akavuka kwa pantoni, ana vumbi mpaka kwenye kope. Akapiga hodi, akaingia jikoni, akasema shikamoo mama. Mama akajibu marahaba akiangalia sufuria.

Nikafyatuka. Nilimwambia yote yaliyokuwa tumboni mwangu, na nikaongeza ya Devota, na nikamalizia kwamba kama sheria zake ni tamu kuliko mama azioe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyofanya tangu mdogo. Kisha akasema Kapteni ameshamwondoa kwenye maonyesho ya kesho, ndege yake inabaki Mahenge, atakuja Fulgensi peke yake.

Mama akanyanyua kichwa. Hilo hakulijua. Alidhani Jumamosi imeharibika lakini Jumapili ipo.

"Ungefunga mdomo tu," nikamwambia Leo. "Nani angejua?"

"Dada, nikificha la mama leo, kesho nitaficha la injini. Na ndani ya ndege kuna mama wa watu wengine."

Mama ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo kama aliwaona. Leo akasema aliwaona. Mama akauliza alimtambuaje yeye, ni khanga zilimfanya amjue?

Leo akakaa chini kwenye kigoda, karibu naye, akajibu kwamba khanga hakuzitazama. Alimjua kwa mgongo. Wenzake walikuwa wamesimama wanapiga vigelegele, lakini yeye alikuwa amepiga magoti, ameipa ndege mgongo, ananyoosha pindo la khanga lililokunjwa na upepo ili mtoto asijikwae. Na magurudumu yalikuwa yanakuja pale pale.

"Mama, sikuwa na njia ya kukuita," akasema. "Unapiga kelele huko juu hata wewe mwenyewe hujisikii. Nilivuta usukani nikafumba macho. Rubani hafumbi macho. Mimi nilifumba."

Akanyoosha mikono yake, tukaiona. Vidole vilikuwa bado vimejikunja kama vimeshika usukani, baada ya Mahenge, baada ya barabara yote ile na pantoni. Mama aliitazama mikono ile. Halafu akaishika yote miwili, akaiweka mapajani kwake, akaanza kuifuta vumbi na ncha ya khanga aliyovaa, kidole kimoja kimoja, analia bila kutoa sauti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema, na tunausema kila siku kwenye mambo madogo. Mimi hasira yote ilinitoka, nikachochea moto ili nipate pa kuangalia.

Tulikula wale kitoga. Hawakuwa na chumvi ya kutosha, tukawamaliza hivyo hivyo.

Asubuhi ya Jumapili mimi nilitangulia kiwanjani kabla ya misa. Najua ilisemwa asije mtu kumbembeleza, lakini hawakusema Digna asije. Nilimkuta Kapteni Elineema anafunga upya kamba upande wa matete, na Nkwabi anamshikia. Nilimbembeleza kwa heshima kabisa, nikamwambia mama yetu ni mtu mzima, hajui lini ataiona nafasi nyingine, na kosa lilikuwa la upendo. Kapteni aliacha kamba. Akaniambia hajalala vizuri kwa ajili ya mama yule, na yeye ana mama kule Same, na anajua mama yake angefanya vile vile. Akasema kosa la upendo ndilo baya kuliko yote kiwanjani, kwa sababu halijifichi wala halioni haya.

"Nikimruhusu Leodegar, kesho kila rubani ana mama," akasema. "Nitamkatalia yupi?"

Nikaondoka. Nilitaka kumchukia yule Mpare, ikanishinda.

Mama alikuwa amesema haendi. Ataambiwa nini na watu? Leo hakumlazimisha. Alivaa shati lake jeupe la kazi, akasema yeye anakwenda kumtazama mwenzake, na kama mama hataki kwenda naye atakwenda na mimi. Tulipofika mtoni nikasikia kandambili nyuma yetu. Hakutueleza kwa nini amebadili, na sisi tulijua vya kutouliza.

Alisimama nyuma ya kamba kama mtu yeyote, Leo kulia kwake, mimi kushoto. Watu walimwangalia, wengine kwa huruma, wengine kwa ile hamu ya kuona mtu ameumbuka. Fulgensi akaja. Jamani, alirusha yule kijana. Alipanda mpaka akawa mdogo kama kunguru, akaachia, akashuka anazunguka, watu wakapiga yowe, kisha akanyooka mbali kule juu ya mashamba ya mpunga, mbali kabisa na vichwa vyetu. Leo alikuwa anamweleza mama kila kitu polepole, sasa atageuka kushoto, sasa atapunguza mwendo, pale hashuki zaidi ya hapo. Mama anafuata kwa kidole. Nikamwangalia Leo usoni, nikaona namna anavyotaka kuwa kule juu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Iliniuma sana.

Mama akamwuliza mama wa yule yuko wapi. Leo akasema yuko Peramiho. Mama akauliza kama anajua mtoto wake yuko hewani saa hii. Leo akasema hapana, pengine yuko kanisani, au anapika. Mama akarudisha macho kwenye ndege.

Ndege ikaja kutua. Ikagusa chini, ikarukaruka, ikatulia, ikaanza kutembea kuja upande wetu, propela inazunguka. Na hapo watu wetu wakasahau. Mwenzetu amefika, mgeni anapokewa, begi lake linachukuliwa, ndivyo tulivyolelewa. Kina mama walioshindwa jana walikuwa na vigelegele vyao bado mdomoni. Kamba ikavutika, ikalegea, mguu wa kwanza ukapita, wa pili. Nkwabi anapiga kelele upande mwingine, hasikiki. Nikamwona Kapteni anainua bendera nyekundu, mbali.

Mama akapita chini ya mkono wa Leo. Nikadhani anaenda tena, moyo ukanipasuka. Lakini alisimama kwenye kamba, akawageukia watu, ndege akaipa mgongo kama jana, akatandaza mikono yote miwili.

"Rudini," akasema. "Mwacheni mtoto wa mwenzenu ashuke."

Hakupaza sauti sana. Lakini waliokuwa mbele walikuwa wale wale wa jumuiya yake, waliokuwa naye kwenye matete, nao walimwona uso. Wakarudi. Waliokuwa nyuma wakarudi kwa sababu wa mbele wamerudi. Kamba ikakaza. Propela ikazunguka, ikazunguka, ikaanza kuonekana mabapa yake, moja, jingine, ikasimama. Hakuna aliyesogea. Fulgensi akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akatuangalia, kundi zima limetulia tuli, hajui kimetokea nini.

Devota alikuwa nyuma yetu. Sijui kama alikuwa na ubaya wakati ule. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, na kwa mara ya kwanza alimwita mama kwa jina analolitaka mwenyewe.

"Na wako je, Mama Leodegar?"

Mama hakugeuka. Alikuwa bado ametandaza mikono.

"Wangu ameshashuka," akasema. "Tunamngoja wa mwenzangu."